Tundu la Kidole cha Shahada

Asubuhi ya siku ya mchezo, Fundi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na minane: alilishona tundu la glavu.

Utasema, tundu tu? Lakini huyu alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulijua kwamba hapitwi na tundu. Soksi za mumewe alizitia viraka mpaka mwenyewe akasahau zilianza na rangi gani. Pazia, foronya, hata kifuniko cha cherehani, vyote vilipita mikononi mwake. Ila glavu moja ya ngozi, ya mkono wa kulia, iliyotoboka kwenye kidole cha shahada, aliiacha vilevile miaka yote hiyo. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuwa ya kujivunia.

Ilianzia kwenye ubao. Mumewe alikuwa seremala, jina la mtaani Randa, na mwaka walipooana alitengeneza mchezo wa maneno: ubao wa miraba, vibao sitini vya mti mgumu, kila kimoja na herufi yake, na mfuko wa kitambaa wa kuvichotea bila kuchungulia. Kila mchezaji husimamisha vibao saba mbele yake, akaunda neno kwa kulishikiza kwenye maneno yaliyokwisha kuwekwa ubaoni, akahesabu alama, kisha akachota vibao vingine kufidia alivyotumia. Herufi zilichomwa kwa msumari wa moto, zikazama kwenye mbao. Kibao kimoja tu hakikuwa na kitu. Hicho walikiita Kiraka, kwa sababu kilishika nafasi ya herufi yoyote uliyotaka, kama wale wachezaji wa mpira ambao kocha akikosa beki anawaweka beki, akikosa kipa anawaweka golini.

Sasa, vidole vya mshonaji vinasoma. Mechi tano mfululizo, bibi harusi alichota Kiraka. Mechi ya sita Randa akaja na glavu yake ya kubebea mbao. "Mke wangu, kuanzia leo unachota na hii," akasema, wakacheka mpaka machozi, na ikawa sheria ya nyumba. Mwaka wa pili glavu ikatoboka. Fundi aliliona tundu siku ileile. Akafungua mdomo aseme, akaufunga.

Tumtendee haki, hakuwa mwizi wa kila siku. Alilitumia tundu akibanwa tu, pale ambapo Kiraka kingemwokoa. Na siku aliyoshinda, kesho yake aliimba kwenye cherehani tangu anafungua duka mpaka anafunga, hata kinyozi wa mlango wa pili akawa anapaza sauti, "Leo Randa kapigwa tena!" Randa naye, maskini, aliwaambia wateja wake kwamba mkewe ana kichwa si cha kawaida. Akafa hivyohivyo, akimsifu. Ilikuwa miezi saba sasa, na zile sifa Fundi hakuweza kuzisahau. Aliona aibu, na mtu wa kumwomba radhi hakuwepo tena.

Halafu likaja la wifi yake.

Dada wa marehemu alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno machache, aliyezoea kuamrisha watu wenye maumivu. Msiba ulipoisha tu alikuja kuuomba ubao. Alisema herufi alizichoma yeye kwa mkono wake, kaka yake akimshikia vibao; na kwamba utotoni, mama yao alipokuwa mgonjwa, wao wawili walicheza mchezo huohuo kwa vipande vya boksi ili wasisikie anavyokohoa. Fundi akajibu kwamba ubao ni wa mumewe na mumewe aliucheza na yeye, kila siku saa kumi jioni, na hautoki. Ikawa patashika nguo kuchanika mbele ya wageni. Tangu siku hiyo hata salamu zilikufa.

Mpaka wiki hii, Mkunga alipotuma ujumbe kwenye simu: "Wifi, tucheze. Mechi moja. Atakayeshinda auchukue." Fundi akajibu: "Jumamosi, saa kumi. Njoo." Kisha akakaa na simu mkononi, akijua kwamba ubao huu akiupata kwa kidole, hataweza kuutazama tena. Ndiyo maana Jumamosi asubuhi alitia uzi maradufu kwenye sindano ya ngozi, akaliziba tundu mishono tisa, akakata uzi kwa meno.

Mkunga alifika saa kumi kamili. Walisalimiana kama watu walio kwenye foleni moja. Wakakaa kwenye meza ya kukatia nguo, cherehani imefunikwa, mlango wazi, mashine ya kinyozi ikisikika ikinguruma upande wa pili.

"Glavu ipo?" Mkunga aliuliza.

"Ipo."

"Haya. Tuanze."

Mkunga alicheza kama alivyofanya kazi yake, bila papara. Hakupenda maneno marefu. Aliweka vineno vifupi vilivyobanana pembeni, akaziba kila njia inayoelekea kwenye miraba myekundu ya kona, ile inayozidisha alama mara tatu. Fundi alijua dawa yake. Randa alimfundisha kwamba kabla hujauliza neno hili litakupa nini, uliza litamfungulia mwenzako nini. Na kwamba mwenye kuhesabu ambavyo havijatoka anamwona mwenzake vibao vyake. Basi alikuwa ametandaza kipande cha kitambaa cheusi kando yake, ameandika herufi zote kwa chaki ya kushonea, na kila iliyotoka aliifuta kwa kidole gumba.

Kila alipoingiza mkono wenye glavu mfukoni, ngozi haikumwambia kitu. Alichota alichojaliwa. Ilimshangaza jinsi mchezo ulivyokuwa mgumu.

Ilipofika karibu saa kumi na moja na nusu, mfukoni vilibaki vibao viwili. Mkunga alikuwa mbele kwa alama kumi na moja, na zamu ilikuwa ya Fundi.

Akaangalia kitambaa chake. Herufi ambazo hazijafutwa, ukiondoa zake mwenyewe, zilikuwa nane, na Kiraka juu yake. Jumla tisa. Saba anazo Mkunga, mbili zimo mfukoni. Je, Kiraka kiko wapi? Akafikiri. Zamu tatu zilizopita kulikuwa na nafasi nono katikati ya ubao, na Mkunga aliipita zote tatu, akaweka vineno vya alama sita. Mtu mwenye Kiraka haweki neno la alama sita. Kwa hiyo kilikuwa mfukoni, angeweza kuapa.

Mbele yake aliziona njia mbili. Angeweza kuweka herufi mbili, achote vibao vyote viwili, na Kiraka kiwe chake bila wasiwasi. Lakini neno hilo lingefungua safu inayoshuka moja kwa moja hadi kwenye mraba mwekundu, na Mkunga angeingia humo na viatu vyake. Au angeweza kuweka herufi moja tu, aizibe safu hiyo kabisa, apate alama nane, kisha achote kibao kimoja kati ya viwili. Hapo angebakiwa na pengo la alama tatu, mlango umefungwa, na bahati nusu kwa nusu.

Zamani asingefikiri hata kidogo. Angeziba mlango, angeingiza mkono, ncha ya kidole ingepapasa kibao cha kwanza, ingepapasa cha pili, ingechagua kilicho laini. Angeyapata yote mawili. Hapo ndipo alipong'amua kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kuamua jambo zito kwenye ubao huu. Kila lilipokuja, kidole kilimwamulia.

"Wifi, unalala?" Mkunga akauliza.

"Nafikiri."

"Fikiri. Sikimbizwi."

Akaziba mlango. Aliweka herufi moja, akaandika nane, akavaa glavu na kuingiza mkono mfukoni. Vibao viwili viligongana. Akakishika kimoja, akakiachia, akakishika cha pili. Mbao tupu, zote sawa. Ukucha wa kidole chenyewe ungetosha kuufumua uzi ule kwa ndani, na nani angeona? Akapiga moyo konde, akatoa kile alichokuwa amekishika.

Ilikuwa W.

Mkunga aliweka neno lake taratibu, akachota kibao cha mwisho, akakitazama, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Fundi alijua. Alijitahidi zamu mbili zaidi, lakini Mkunga alimaliza vibao vyake kwanza, Kiraka kikiwa katikati ya neno lake la mwisho. Mia mbili na tatu kwa mia moja tisini na nne.

"Umeshinda," Fundi alisema. Sauti ilitoka sawasawa, akashukuru kwa hilo. "Ubao ni wako."

Mkunga hakuugusa ubao. Alinyoosha mkono juu ya meza, akamshika Fundi kiganja kilichokuwa bado na glavu, akakigeuza huku na huku kama anayetafuta mshipa.

"Tundu liko wapi?"

"Tundu gani?"

"Wifi, usinifanye mtoto. Tundu la hapa." Akagonga mishono tisa kwa ukucha. "Nani kalishona?"

"Mimi. Leo asubuhi." Basi yakamtoka yote, hakuweza kuyazuia. Kwamba alilijua tundu tangu siku ya kwanza. Kwamba alimwibia mume wake miaka kumi na minane, mwanamume aliyezunguka mtaa mzima akimsifu. Kwamba alitaka angalau mara moja auchezee ubao ule kihalali, hata kama ni kuukosa. "Na nimeukosa," akamalizia. "Kakaako amekufa hajui kitu."

Mkunga akaanza kucheka, na hakuwa mtu wa kucheka.

"Hajui? Tundu hilo alilitoboa mwenyewe! Kwa patasi, jikoni kwangu, kwenye kibao changu cha kukatia vitunguu. Nikamuuliza, wewe una wazimu, unaharibu glavu nzima? Akasema, dada, tangu nimvalishe hii glavu simsikii akiimba. Nikamwambia, si umwachie tu ashinde? Akasema, huyu ukimwachia atajua, atanuna. Ila akishinda kwa ujanja wake, huimba siku nzima."

Fundi akaitazama ile mishono tisa.

"Kila nikija hapa naangalia hiyo glavu," Mkunga aliendelea. "Mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Yeye ananikonyeza. Fundi gani, wifi, anaziba hata soksi za jirani, anaacha tundu la glavu? Ulidhani mume wako hana macho?"

Hapo Fundi alilia. Alilia kwa sauti, glavu usoni, na katikati ya kilio kicheko kikampanda kwa sababu aliwaona wote wawili: yeye akijifanya hana tundu, Randa akijifanya hana habari, kila siku saa kumi, miaka kumi na minane. Mkunga naye alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Walimlilia yule mtu pamoja, jambo ambalo msibani hawakulifanya.

Baadaye Mkunga alivikusanya vibao, akavihesabu mpaka sitini, akaukunja ubao kwenye bawaba zake. Fundi alimfungia mfuko kwa mkono wake mwenyewe.

"Nauchukua," Mkunga alisema. "Makubaliano ni makubaliano."

"Uchukue. Umeshinda."

"Jumamosi ijayo, saa kumi, kwangu. Sina mtu wa kucheza naye." Alisema hivyo akiwa amegeukia mlango. Kisha akarudi hatua moja, akaiokota glavu mezani na kumtupia. "Na hii uje nayo. Lakini fumua kwanza huo upuuzi wako."

Fundi alibaki peke yake mbele ya meza tupu. Akafunua cherehani, akachukua mkasi mdogo, akakata mshono wa kwanza, wa pili, mpaka wa tisa, akazitoa nyuzi moja moja. Akaivaa glavu. Kidole cha shahada kikatokeza nje.

Hakujua alianza saa ngapi kuimba. Alichosikia ni mashine ya kinyozi kuzimwa upande wa pili, na sauti ya kinyozi ikimwambia mteja, "Unasikia? Mama kashinda."