Sheria ya Kukaa Meza Moja

Mwalimu Priska hakuwa mtu wa makuu, lakini siku ile aliposhuka kwenye lori pale Makambako, faili la baraza amelikumbatia kifuani, alijiona mrefu kuliko kawaida. Na kwa nini asijione? Ndani ya faili mlikuwa na sheria, na sheria yenyewe aliitunga yeye. Haikuja na meli kutoka kwa Malkia wala haikuteremshwa kutoka Dar es Salaam. Iliandikwa Njombe, kwa Kiswahili, na binti wa mkulima, aliyesoma shule ya misheni ya Kidugala, mwanamke pekee katika baraza la watu wa milimani. Wajumbe wenzake, wanaume kumi na mmoja, waliibishia mwezi mzima, wakaichambua neno kwa neno kama maharage, mwisho wakainua mikono wote.

Haikuwa ndefu. Ilisema kwamba kila kiangazi wajumbe wa baraza la milimani na wajumbe wa baraza la bondeni watakutana Makambako, na hakuna upande utakaotunga amri inayowagusa majirani kabla ya kuwaambia na kuwasikiliza. Basi. Jambo dogo, ungesema. Lakini tangu Mwingereza agawe mabaraza mpaka mwaka ule wa 1956, watu hawa waliooana na kuzikana miaka nenda rudi walikuwa wakitunga amri kila mtu na lake, kama vile ng'ambo ya pili hakuishi mtu.

Aliyeumia kwa upuuzi huo ni Mzee Mika, baba yake Priska. Miaka miwili nyuma alikuwa akiswaga kondoo wanane kwenda mnadani, akapita njia ya mkato aliyoipita tangu ujana wake. Hakujua kwamba wiki tatu kabla, baraza la bondeni lilikuwa limepiga marufuku mifugo kupita pale bila cheti, kwa sababu ya ugonjwa. Nani angemwambia? Amri ilisomwa bondeni, ikaishia huko huko. Mzee wa miaka sitini na nne akafungwa miezi miwili kwa kosa la magendo. Alirudi, lakini tangu hapo hakwenda tena mnadani, hakwenda kwenye misiba, na mtu akipita njiani yeye huingia ndani. Priska aliapa kwamba waliotunga amri ile watakaa meza moja na watu iliowaumiza, wasikilizane, baba yake asafishwe jina.

Sasa Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, alikuwa ameweka sharti moja kabla ya kutia sahihi: wa bondeni wakubali kwanza, siku hiyo hiyo ya kikao, mbele ya makarani wa pande zote. Wasipokubali, karatasi iingie kabatini. Na kabati la Bwana Shauri watu walilijua; kilichoingia humo hakikutoka.

Wageni walifika saa nne, watu tisa mgongoni mwa lori, wameganda kwa upepo. Aliyewaongoza ni Mzee Silvesta, mkavu, fimbo nyeusi mkononi, mwenye sura ya mtu asiyedanganyika. Salamu za kamwene zikapokezana, mikono ikashikwa. Makambako ni upande wa milimani, na wenyeji walikuwa wamejiandaa haswa. Darasa la shule limefagiwa, madawati yameunganishwa kuwa meza moja ndefu, kitambaa cheupe juu yake, viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa. Mwenyekiti wa milimani, Mzee Danieli, alikuwa mzee wa kanisa, na adabu za misheni alizishika kama Amri Kumi. Aliagiza kwamba mgeni kwanza. Mwenyeji asiguse kikombe mpaka mgeni atosheke. Basi chai ikamiminwa vikombe tisa, na wenyeji wakakaa mikono magotini, wanatabasamu.

Wageni hawakunywa.

Priska akasoma sheria yake, akaisoma vizuri. Alipomaliza, Mzee Silvesta akasema tu, "Tumesikia." Mmoja wa wenzake, mtu wa makamo aitwaye Linus, akakisogeza kikombe chake pembeni kwa kidole kimoja. Chai ilikuwa imeanza kufanya utando.

Mzee Danieli akamwinamia Priska, amevimba. "Umeona dharau hiyo, Mwalimu? Wanatuonaje hawa?"

"Tutajibu kwa barua," Mzee Silvesta akasema, akaishika fimbo yake.

Barua! Barua maana yake kabati la Bwana Shauri. Priska akavitazama vile vikombe tisa, vimejaa pomoni. Watu waliopigwa na upepo tangu alfajiri, wasiwe na hamu hata ya funda moja? Ndipo akamkumbuka bibi yake, mama yake Mika. Kwa bibi, hakuna mgeni aliyepewa kinywaji kabla mwenye nyumba hajakionja yeye mwenyewe, mbele ya macho ya mgeni, ajue kwamba yuko salama. Milimani, adabu za misheni zilikuwa zimeifuta desturi hiyo. Bondeni ilikuwa bado hai. Na wageni hawa waliona nini? Waliona watu kumi na wawili wanawamiminia chai, wenyewe hawainywi, na wanatabasamu. Ungekunywa wewe?

Priska akainuka, akazunguka meza. "Mzee wangu, naomba kikombe chako."

Akakipokea kwa mikono miwili, akapiga funda, utando na vyote. Akakirudisha, akahamia cha pili, cha tatu, mpaka cha tisa, na Mzee Danieli anamtazama kama aliyerukwa na akili.

"Mtusamehe, wazee," Priska akasema. "Tulifundishwa kumtanguliza mgeni, tukasahau kwamba anayeonja ni mwenyeji. Hatukuwa na ubaya. Tulizidisha adabu."

Linus ndiye aliyeanza kucheka. Mzee Silvesta akanywa, akakunja uso, akasema chai ni baridi, aongezwe ya moto.

Hapo sasa ndipo kikao kilipoanza. Walibishana mpaka saa nane, wakachora na kufuta, na wa bondeni wakaongeza kifungu chao: amri yoyote ya mpakani isianze kazi kabla ya kusomwa pande zote mbili. Priska alikisoma mara mbili akaona kimeishinda kazi yake mwenyewe, na akafurahi kweli kweli. Mikono ikainuka, ishirini na mmoja, bila hata mmoja kubaki chini. Ilikuwa yao. Alitamani dunia nzima ipite dirishani iwaone.

Mzee Silvesta akasimama. "Basi tuanze kuitumia. Mna neno?"

Hotuba aliyoitunga Priska miaka miwili ikampotea yote. Akasema tu kwamba baba yake anaitwa Mika, akaeleza habari za kondoo wanane na njia ya mkato. Hakuna aliyemkatiza.

"Siku tulipoipitisha amri ile, mimi niliinua mkono," Mzee Silvesta akasema. "Hatukumfikiria mtu wa huku. Makarani, andikeni: Mika alifungwa kwa amri ambayo hakusomewa. Si mtu wa magendo." Akamgeukia Priska. "Yuko wapi?"

"Nyumbani. Mwendo wa saa moja kwa lori. Hatoki."

"Basi kikao hakijafungwa. Twendeni."

Wakapanda malori mawili, mabaraza mawili yamechanganyika, Mzee Danieli kakaa juu ya gurudumu la akiba na heshima zake zote. Walimkuta Mzee Mika akilima kinyungu chake, kibustani cha viazi kando ya mto. Alipoona malori na watu wenye makoti wanamteremkia, na mbele yao mzee wa bondeni mwenye fimbo, aliweka jembe chini. Hakukimbia, hakuuliza. Aliipangusa mikono yake kwenye suruali, akaiweka pamoja, akainyoosha mbele ili afungwe pingu.

Mzee Silvesta akaiangusha fimbo matopeni. Akaishika ile mikono yote miwili, akaing'ang'ania, na bila kuiachia akamwambia karani asome kwa sauti yale yaliyoandikwa.