Doa Kwenye Shati la Marehemu

Jirani yangu mwenye duka la vitambaa ameniuliza kama anunue fremu ya picha ya kidijitali kama ile yangu. Nikamwambia ina faida na ina hasara. Akataka kujua zipi nyingi. Nikamwambia angoje nimalize kola niliyokuwa naipiga pasi. Kola ikaisha na mimi bado sijui. Akaenda zake akinung'unika kwamba siku hizi hata swali dogo unajibiwa kwa mafumbo, na wala sikuwa nimemfumbia kitu.

Mimi ni dobi, na watu wananiita Mama Pasi. Chumba cha mbele cha nyumba yangu ndicho kazini kwangu: meza ya pasi katikati, kamba ya kutundikia nguo zilizo tayari, kapu la nguo chafu, na kiti kimoja cha mteja anayesubiri. Wanasema nina ulimi mkali, hasa kwa mtu anayeniletea shati na kuniambia lina doa dogo tu. Hakuna doa dogo. Kuna nguo safi na kuna nguo yenye doa.

Fremu aliileta binti yangu wa kwanza, ambaye ni nesi katika mji wa mbali, alipokuja likizo. Aliitundika ukutani kukabili kiti cha mteja, akaiunganisha na intaneti, akanieleza kwamba yeye na mdogo wake watakuwa wanatuma picha kutoka kwenye simu zao na mimi nitaziona papo hapo nikiwa kazini. Alieleza na mengine mengi, kugusa hapa na kubonyeza pale, lakini siku hiyo nilikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni yananisubiri. Nikaitikia ndiyo, ndiyo mwanangu, nimeelewa. Akarudi kwake akiamini ana mama msikivu.

Faida zake siwezi kuzikana. Mjukuu wangu alipiga hatua ya kwanza mbele ya macho yangu nikiwa nanyoosha suruali ya mwanasheria. Wateja nao waliacha kunihimiza, maana walikuwa na cha kutazama. Tatizo ni kwamba kile kifaa hakijui jana wala leo. Kinakuonyesha mjukuu anatembea, kisha kinakuonyesha mama yake ana mimba yake. Kitinda mimba wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu na mshahara, dakika inayofuata yuko uchi ndani ya beseni, na mteja anacheka. Ilifika mahali nikizungumza naye kwa simu namuuliza kama amekula.

Halafu kulikuwa na picha ya Baba Watoto, mume wangu marehemu. Binti aliipiga kwa simu kutoka kwenye picha ya karatasi ya zamani. Amesimama kwenye mlango wa nyumba hii hii, shati jeupe, mikono nyuma, uso wa mtu anayekaribia kucheka. Na kifuani, juu ya mfuko wa shati, doa la kahawia.

Mume wa dobi, shati jeupe, doa kifuani, tena mbele ya wateja. Ilinikera. Nilichukua kitambaa chenye unyevu, nikapangusa pale juu ya mfuko, mara moja, mara mbili. Picha ikabadilika, doa likaondoka, nikaridhika. Baadaye Baba Watoto akarudi na doa lake. Nikasema ni mvuke wa pasi unaochafua kioo, nikapangusa tena. Siku nyingine nilitia siki kidogo kwenye kitambaa. Mtu ataniuliza mvuke gani huo unaochagua kifua cha mtu mmoja na kuwaacha wajukuu. Sasa hivi najiuliza na mimi. Wakati ule mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

Sasa nimlete Fundi. Anatengeneza makochi mtaa wa nyuma, na watu wanamwita Fundi Sponji kwa sababu haipiti siku bila vipande vya sponji kumnasa kwenye nywele. Ni mjane wa kiume, mtu wa maneno machache, na kwa muda mrefu alikuwa ananiletea mashati mengi kuliko anayoweza kuyachafua mtu mmoja. Mwenye macho haambiwi tazama. Siku aliyoniambia anataka tuoane, aliliambia kapu la nguo, maana mimi alishindwa kunitazama. Nilifurahi mno. Lakini mtu mzima hakurupuki, nikamwambia aniache kwanza nizungumze na wanangu.

Wanangu wakanichanganya. Binti alisema hawana neno, ila nisijilazimishe. Nikamuuliza nani amesema najilazimisha. Akasema polepole, kwa ile sauti wanayotumia manesi kabla ya sindano, kwamba wao wananielewa kuliko ninavyodhani. Kitinda mimba naye akasema, "Chukua muda wako, Mama." Muda wa nini? Nina mvi kichwa kizima.

Na tangu siku hizo Baba Watoto akazidi. Mwanzoni alikuwa akipita kama wengine. Sasa alikuwa kila saa yuko ukutani. Fundi akija, akikaa, akikohoa kidogo kuanza maneno yake, huyo hapo. Mwanzoni Fundi alitania kwamba mwenye nyumba amefika. Baadaye utani ukamwisha. Alianza kukaa upande upande kwenye kiti, akizungumza na ukuta mwingine. Kisha zikaja picha mpya za marehemu ambazo sikuwahi kuziona ukutani: Baba Watoto na baiskeli, Baba Watoto amembeba binti mabegani, Baba Watoto amelala mdomo wazi.

Jirani wa vitambaa aliposikia, alishusha sauti akasema pengine marehemu hajaridhia. Nikamjibu kwamba marehemu akiwa hai alikuwa hajui hata kuwasha redio, leo aendeshe intaneti? Tulicheka sote wawili. Alipoondoka nilibaki nimeshika pasi hewani, sina raha. Nilijaribu kuizima fremu, ikazimika, na chumba kikawa kimepooza kiasi kwamba niliiwasha kabla chai haijapoa. Nilimkasirikia marehemu kwa kuwepo, na alipochelewa kutokea nilijikuta nageuka kutazama amekwenda wapi. Kama hilo lina kichwa au miguu, mimi sikuviona.

Mwishowe nikaamua kwamba ni wanangu. Hawataki niolewe, na kwa kuwa wana adabu hawawezi kuniambia, wamemtuma baba yao. Nikiifikiria hivyo niliumia sana. Nimewasomesha kwa mvuke wa pasi hii, na sasa wananisema kupitia ukuta.

Wakati huo huo Fundi akapata habari kutoka kwa kaka yake. Kaka amefungua karakana kubwa mji mwingine na anamtaka wafanye kazi pamoja. Fundi alinieleza bila kunibana. Alisema kaka anasubiri jibu, na yeye hana sababu ya kukataa isipokuwa moja, na hiyo moja haijasema kitu. Alisema atapita asubuhi ya pili kuchukua mashati yake, na jibu lolote nitakalompa atalipokea.

Asubuhi hiyo alikuja amenyoa, nywele hazina hata kipande cha sponji. Akakaa kwenye kiti, mfuko wa mashati magotini. Nami nilikuwa nimelala vibaya, na nikilala vibaya sina subira. Baba Watoto akatokea ukutani. Nikaiweka pasi pembeni, nikapiga simu kwa binti, nikaitegesha mezani na sauti nimeifungulia, kwa sababu nilitaka Fundi asikie kwa masikio yake kwamba kikwazo si mimi.

Binti akaniamkia shikamoo, nikaitikia kwa mkato.

"Mwanangu, kama hamtaki niolewe, semeni kwa mdomo. Msinitumie baba yenu ukutani."

Binti akashangaa.

"Mama, sisi? Wewe ndiye unayemwita."

Nikamwambia aache masihara. Akasema si masihara, na akanieleza taratibu, bila shaka yale yale aliyonieleza siku ya mashuka. Ukiigusa picha mara mbili, fremu inahesabu kwamba umeipenda. Ikishajua unaipenda, inakuletea mara nyingi zaidi. Na kila ukiipenda, simu yake na ya mdogo wake zinapata ujumbe: Mama ameipenda picha hii.

"Nipo wodini, simu inatetemeka mfukoni," alisema. "Tena. Tena. Kila asubuhi. Najua Mama yuko peke yake anamlilia Baba. Tukasema huyu hayuko tayari, anataka kuolewa ili asitusumbue. Ndiyo tukakutafutia na picha nyingine zake, upate faraja."

"Nilikuwa nafuta doa," nikasema.

"Doa gani?"

"Kwenye shati lake. Hapo juu ya mfuko."

"Mama, lile doa liko kwenye picha yenyewe. Ile karatasi iliingia unyevu kabatini. Halifutiki."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nguo ndiyo kazi yangu. Miezi yote ile nilikuwa nampapasa marehemu mume wangu kifuani mbele ya mchumba wangu, na wanangu wanapelekewa habari. Nilitaka kucheka, kisha nikaona siwezi. Maana mimi madoa nayajua. La kutu nalijua, la wino, la chai, na lile ambalo limeshaingia kwenye uzi na halitoki hata ufanyeje. Mteja akileta la namna hiyo namrudishia nguo yake siku hiyo hiyo. Hili nililifuta miezi. Kama kweli nilikuwa sijui, siwezi kuapa. Kama nilijua, basi ujumbe uliofika kwenye simu zao ulikuwa wa kweli.

Fundi aliinuka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hayo ni ya familia, atasubiri nje. Niliuona mkono wake umeshauchukua mfuko wa mashati, na nikajua mtu anayesubiri nje hachukui mfuko. Akifika mlangoni angekwenda zake kwa heshima, na angeenda kwa kaka yake kwa heshima vile vile.

"Kaa, Fundi," nikamwambia.

Binti akauliza kama nina mgeni. Nikasema ndiyo, yupo Fundi mwenyewe.

"Basi Mama," akasema, "tuambie. Wewe unataka nini?"

Sikuwa nimeulizwa hivyo tangu habari ianze. Walikuwa wameniuliza kama nina uhakika, kama nimefikiri, kama nimepumzika.

"Nampenda baba yenu," nikasema. "Na nataka kuolewa na Fundi. Usiniulize hayo mawili yanakaaje nyumba moja, sijui. Lakini nataka."

Fundi alikaa. Aliuweka mfuko chini karibu na kiti, upande wa ndani. Kwenye simu nikasikia binti yangu analia. Sikujua kama ni kwa furaha au kwa ajili ya baba yake, na nadhani na yeye hakujua. Nikaiinua simu niiweke sikioni, lakini ikaniponyoka mara mbili. Fundi akanyanyuka, akaja akanishikia.