Nyuki wa Miguu ya Shaba

Kwa heshima na taadhima natangaza kwa wataalamu wote wa wadudu, walio hai na waliokwisha kutangulia, kwamba Mto Negro umetupatia spishi mpya ya nyuki. Kiwiliwili chake ni cha buluu inayong'aa kama chuma kilichosuguliwa. Miguu yake ya nyuma ni minene, myekundu kama sufuria ya shaba, na hakuna kitabu kinachoitaja. Makao yake ni meza ya shangazi yangu Iracilda, kando ya dirisha. Kinachomshikilia ni gundi.

Gundi niliipaka mimi, Jaciara, mwanafunzi wa bweni la masista, nikiwa nyumbani kwa likizo ya Julai. Shangazi alikuwa msituni akitundika pamba alizozichovya kwenye mafuta ya karafuu, ambazo nyuki madume huzifuata kama walevi. Mimi nilikuwa nimebaki peke yangu na sanduku la nyuki wakavu ambao hawajapangwa. Nikamng'oa wa buluu miguu ya nyuma, nikambandika ya mwekundu mmoja. Huyo mwekundu aliyebaki bila miguu nilimpa kazi nyingine, ambayo nitaieleza nikilazimishwa.

Nilitegemea shangazi augundue mchezo kabla kahawa yake haijapoa, anifinye sikio, tucheke. Nilisahau jambo moja. Nyuki mkavu hudondosha miguu hovyo, na watu wa kazi hii huibandika tena kwa gundi ya maji bila hata kufikiri. Kwao, nyuki mwenye gundi nyongani ni kama suruali yenye kiraka: hakuna anayeuliza.

"Jaci, njoo uone," aliniita kesho yake, jicho likiwa bado kwenye hadubini. "Ila usimpumulie."

Nikatazama. Lo, nilikuwa nimebandika vizuri.

"Miaka yote nawachomekea wenzangu nyuki kwenye pini, majina wanatoa wao," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Huyu ni wangu. Nitampa jina la mama."

Mama yake ndiye bibi yangu Benvinda, tuliyemzika kabla ya Pasaka. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kinywa kilifunguka, kikatoa: "Mzuri sana, shangazi."

Tangu hapo hofu ilihamia kwangu, ikaleta na mizigo yake. Shangazi alimchora yule nyuki, akampima uso, akahesabu vinyweleo vya magoti, akiimba. Kila alipoimba nilipoteza hamu ya kula. Kisha akampelekea picha, pamoja na jina alilochagua, Profesa Otoniel, mwalimu wake wa zamani, mtu ambaye akiguna tu, kazi yako imezikwa. Profesa akajibu kwamba anakuja mwenyewe.

Alishuka kwenye boti la kutoka mji wa Manaus na fimbo na kikohozi, akakataa kahawa, akaenda moja kwa moja kwenye hadubini.

"Mm," alisema. Akamgeukia shangazi. "Umeshamlainisha, binti?"

"Bado, Profesa. Nilikungoja."

"Sehemu za uzazi ndizo zitakazosema kama ni mpya. Mtie kwenye unyevu. Kesho tutamfungua."

Naomba msomaji anielewe. Nyuki mkavu akifunguliwa hivihivi huvunjika, kwa hiyo hufungiwa kwanza ndani ya kopo lenye mchanga uliolowa. Mchanga uliolowa na gundi ya maji, inayoachia ikipata unyevu, ni mambo mawili ambayo mhalifu hapendi kuyaona pamoja. Niliapa kumwiba yule nyuki. Shangazi akalala na kopo ubavuni kama mtoto mchanga.

Walilifungua siku ya pili, samaki akiwa tayari mezani. Mimi nilisimama nyuma yao. Nyuki wa buluu alilala juu ya mchanga. Miguu ya shaba ililala pembeni yake, kama viatu vilivyovuliwa.

"Nani aliibandika hii?" Profesa aliuliza.

"Labda mimi." Shangazi hakuinua uso. "Ikidondoka huwa naibandika. Sikumbuki."

"Basi ulimvisha miguu ya mwenzake."

Masikio ya shangazi yaliwaka. Nilingoja Profesa acheke, na nilijua akicheka, shangazi hatashika tena pini maishani mwake.

"Nimekutia safari bure, Profesa," alisema, akiufunika mchoro wake kwa kiganja. "Samahani. Tule basi, samaki anapoa. Jaci, lete unga. Ule wa wageni."

Nikaenda kulileta kopo la unga wa muhogo uliokaangwa, tunaonyunyizia samaki, ule wa njano unaofunguliwa tu akija mtu mkubwa. Miguu ilikwenda yenyewe. Akili ilikuwa bado kule kwenye mchanga. Nikaliweka mezani.

"Sijasema ni bure," Profesa alisema, akijimwagia unga juu ya samaki. "Kiwiliwili kile kila mtoto wa mto huu anakijua. Lakini miguu, binti, nimewatazama nyuki tangu hujazaliwa, na miguu kama ile sijaiona. Ule mfuko wa mguuni wanamobebea manukato umepinda kinyume kabisa." Akachota kijiko. "Kuna nyuki hapa asiye na jina, na hana miguu. Mtafute. Bila yeye huna kitu, ukimpata, unaye wa kumpa jina la mama yako."

Shangazi aliinua uso polepole. "Kwenye sanduku hayumo. Nimelipanga lote jana."

"Miguu haikuja yenyewe."

Wote wawili wakanigeukia. Mimi nilikuwa nikitazama kijiko. Ile kazi nyingine ilikuwa imenirudia kichwani yote kwa pamoja.

"Jaci," shangazi alisema, "mbona umekodoa macho hivyo?"

"Profesa," nikasema, "naomba usitafune."

Kijiko kikasimama hewani.

"Miguu niliibandika mimi, shangazi. Wewe hukukosea popote. Na mwenyewe yumo humo kwenye unga. Nilimtia ili mgeni atakayemchota apige kelele."

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Shangazi alitandaza gazeti juu ya meza, akalivuta kopo la unga kwake, akachukua koleo lake dogo.

"Kichwa anacho?" aliuliza, bila kunitazama.

"Alikuwa nacho, shangazi. Wakati namtia nilimwona nacho."