Mlango Ambao Haukuvunjwa

Mimi ni seremala, na mlango wa mdogo wangu wa kike niliutengeneza kwa mikono yangu, mbao ngumu, kitasa cha chuma. Siku alipokimbia vita na wanawe alinikabidhi ufunguo. "Kaka, nakuachia wewe. Sina mwingine."

Aliporudi baada ya miaka miwili, wanajeshi walioikalia nyumba yake walishahama. Mabati waling'oa, sakafuni waliwasha moto, kuta walizijaza matusi. Nilimwambia walivunja mlango, nami nikautengeneza kabla hajarudi. Akanishukuru! Nikazipokea shukrani zake bila haya.

Leo mkaguzi wa fidia amekuja. Alipima vyumba vyote, kisha akachutama mlangoni, akapitisha kidole kwenye bawaba.

"Mama, kwenye dai uliandika walivunja mlango."

"Walivunja. Muulize kaka, aliona kwa macho yake."

"Hizi skrubu ni zile zile. Rangi ya zamani bado imezifunika. Huu mlango haujawahi kung'olewa. Walifunguliwa, na mwenye nyumba akiwakaribisha mwenyewe, halipwi."

Lo! Fundi mzima nimedanganya watu, nikasahau kubadilisha hata skrubu moja.

"Niwakaribishe mimi?" mdogo wangu alifoka. "Nilikuwa kambini, nalala chini ya turubai! Na hadi leo wanangu wanalala jikoni, mvua ikinyesha tunakesha wima. Kaka, sema basi!"

Nilitazama viatu vyangu. Moyoni nikajiambia, kaa kimya, mzee, atakata rufaa, mambo yatapoa. Mkaguzi alishafungua kalamu. Nilijiona mchafu, wallahi, mchafu wa kutosafika kwa sabuni.

"Ni mimi," nikasema. "Walikuja kwangu kwanza, wanataka nyumba. Nikawapa ufunguo wa huyu ili waiache yangu."

"Walikutishia?" mkaguzi akauliza.

Hapo ningeweza kujiokoa. "Hapana. Hata bunduki hawakuninyooshea. Waliuliza tu, nami nikautoa mfukoni."

Mdogo wangu hakulia wala hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alichukua ufagio, akaanza kufagia sakafu ile iliyoungua.

Mkaguzi akaandika kwamba mwenye nyumba hakuridhia, dai liendelee. Nikatia sahihi kama shahidi.

"Shahidi ana uhusiano gani na mdai?" akauliza, akisubiri kujaza.

Nilifungua kinywa, ila mdogo wangu alinitangulia, mgongo wake ukiwa kwangu.

"Andika jirani."