Karatasi Mbili Zilizokunjwa Sawa

Jumapili, tarehe 10 Novemba 2024. Asubuhi upepo wa vumbi ulivuma Unyambwa yote, na mawingu yakapita juu ya Ziwa Kindai bila kudondosha hata tone. Nilikwenda Misa nimejifunika pua kwa kanga.

Kabla ya Misa hiyo lazima nieleze muziki. Miraji, fundi simu wa Utemini, aliniwekea kwenye simu albamu ya Radi Kavu, vijana wanne wa Itigi wanaopiga roki. Inaitwa Stesheni Bila Taa. Siku ya kwanza nilidhani spika imeharibika, nikamrudishia simu.

"Mama, hilo ndilo gitaa lenyewe," alisema huku akicheka. "Vumilia mpaka wimbo wa tano."

Nikavumilia. Katika wimbo wa tano mtu anangoja treni isiyokuja. Ngoma zinaanza taratibu kama behewa linalosukumwa kwa mikono, kisha gitaa linapiga yowe, kisha kila kitu kinanyamaza, unamsikia mwimbaji akivuta pumzi tu. Marehemu mume wangu, Gaspari, alifanya kazi reli ya Manyoni. Ule ukimya ulinikuta jikoni, nikajikuta nimepiga magoti na mwiko mkononi, namwombea. Sijui kama ile ilikuwa sala. Rozari naisali kila siku, lakini mara nyingi nikifika fungu la tatu nawaza kuku wangu. Kwenye wimbo wa tano siwazi kuku.

Sikumwambia mtu. Katika jumuiya yetu muziki huo unaitwa makelele ya shetani, na Agnes, mwenyekiti wetu, ndiye wa kwanza kuuita hivyo. Niliposikia kwamba ziara ya albamu itapita Dodoma, Manyoni na Itigi, na tarehe 16 itafika Singida mjini, nilianza kumwomba Mungu kimyakimya anijalie kuwaona.

Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Jumapili ya kwanza kanisani kuliwekwa katoni mbili, moja ya majina ya marehemu, nyingine ya walio hai wanaohitaji kuombewa. Miaka yote binti yangu Yasinta ndiye aliyeniandikia. Safari hii, kwa sababu najifunza kusoma na kuandika darasa la jioni, niliandika mwenyewe karatasi mbili. Ya kwanza: Gaspari. Ya pili: Gasto, Moses, Raymond, Fredrick, majina tu ya wale vijana wanne, nikiomba moyoni Mungu awalinde ziarani. Nikazikunja zikalingana kabisa, nikazitumbukiza kwa furaha, watu wakinisukuma nyuma.

Sasa, Jumapili hii katekista akaanza kusoma majina. Kwa walio hai nikamsikia akisema, "Gaspari, Mungu amjalie afya njema." Nikageuka kutazama. Gaspari yupi tena? Wangu nilimzika miaka sita iliyopita. Sijakaa sawa, akaingia kwa marehemu: "Gasto, Moses, Raymond, Fredrick."

Mmoja ningesema ni bahati mbaya ya jina. Wote wanne, kwa mpangilio uleule? Simu yangu ilikuwa haina chaji tangu Ijumaa. Nikajua wamepata ajali njiani na habari imefika parokiani kabla yangu. Nililia kwa sauti mpaka wakanitoa nje.

Kufikia saa saba nyumba yangu ilikuwa ya msiba. Agnes alitandika mikeka. Rahabu, jirani yangu, alikuja na kuni kichwani na unga mkononi, akainjika sufuria.

"Wanne kwa mpigo!" alisema. "Ni wadogo zako?"

"Ni vijana wa Itigi."

"Wa ukoo gani?"

Nikaanza kulia upya. Agnes akamkata jicho. "Rahabu, mwache alie. Ukoo utaukuta kaburini."

Ndipo Miraji akaingia, kofia mkononi. "Shikamoo mama. Shikamooni mama zangu. Poleni. Nani amefariki?"

"Marahaba, baba. Radi Kavu. Wote."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa hesabu ngumu. Kisha akatoa simu, akafungua redio. Mtangazaji alikuwa akicheka, na Gasto, sauti ileile ya wimbo wa tano, akisema wanakuja Jumamosi na atakula kuku wa Singida mpaka mifupa.

Agnes akauliza polepole, "Mama Yasinta, karatasi yako uliiweka katoni ipi?"

"Zilikuwa mbili," nikasema, na hapohapo nikaelewa.

Rahabu alikuwa wa kwanza kucheka, uso ndani ya kanga. "Jamani! Tumewazika wapiga magitaa, na Gaspari tumempa afya njema!"

Agnes hakucheka. Gaspari alipokufa, Agnes ndiye aliyenishika mkono makaburini na kuosha vyombo vyangu siku tatu. Sasa alisimama mbele yangu. "Sala si mchezo. Ahidi hapa, mbele yetu, hutakwenda kwenye makelele hayo, na jambo hili liishe."

Kuahidi kungekuwa rahisi. Nilifumba macho nikamwomba Mungu jibu. Nilichosikia ni ule ukimya wa wimbo wa tano, mtu anavuta pumzi. Sijui kama hilo lilikuwa jibu, na kama ni jibu sijui lilitoka kwa nani. Nikasimama.

"Agnes, dada yangu, hilo nikiahidi nitakuwa nimekudanganya. Naahidi hili, mbele yenu nyote, na Miraji asikie. Jumamosi nitakwenda, niwaone kwa macho yangu kwamba wako hai. Na Jumapili nitasimama mbele ya waumini, niseme kwa mdomo wangu kwamba niliyekosea ni mimi, niwatoe wale wanne kwa wafu, na Gaspari wangu nimrudishe mahali pake."