Zaidi ya Kumi

"Hapa, mzee," akasema Rispa, mwandishi wa programu katika chumba cha kompyuta, kidole chake kikasimama katikati ya karatasi pana yenye matundu pembeni. "Hapa ndipo ilipokutupa nje."

Nilikuwa nimeshika ufagio. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini maneno yale niliyasoma. Siku zote nilidhani kompyuta husemeshwa kwa mafumbo, kumbe huamrishwa kama mtumishi wa nyumbani: ikiwa miaka ya mtu kazini ni zaidi ya kumi, mwandikie barua ya hospitali, kampuni imlipie matibabu yeye na jamaa zake. Kizungu, lakini Kizungu chepesi, cha mtoto.

Mimi katika kile kiwanda cha Changamwe nilikuwa na miaka kumi kamili. Machi, 1987. Na sheria ya wakubwa, waliyoibandika ukutani wenyewe, ilisema kuanzia kumi.

Kamau wa stoo alikuwa keshanicheka. "Mzee Stambuli, hata mashine haikutaki!" Karani wa wafanyakazi hakucheka. Alisema mashine haikosei, akafunga dirisha.

Nyumbani, mke wangu Mwanasaumu alilala ubavu mmoja kwa uvimbe wa tumbo. Daktari alikwishasema: apasuliwe kabla ya mwezi kwisha.

"Niliandika nilivyopewa," Rispa akasema. "Hapa yafaa iwe 'si chini ya kumi'. Kazi ya dakika tano. Lakini fomu ya mabadiliko lazima itiwe sahihi na meneja, naye yuko Nairobi." Akatazama mlango, akashusha sauti. "Nikibadilisha bila sahihi, barua yako yatoka leo. Nikijulikana, kazi sina. Sema wewe, mzee. Nibadilishe?"

Baridi ya chumba kile ilikuwa ikining'ata vifundo. Miaka kumi nimefagia pale bila onyo hata moja.

"Ngoja sahihi, mwanangu," nikasema. "Tusije tukaharibu."

Meneja alirudi Jumatatu. Kila asubuhi niliiona fomu mezani kwake. Naiinua, nafuta vumbi, nairudisha palepale. Yeye anakunywa chai, anapiga simu, anauliza mbona dirisha lina alama za vidole. Siku ya ishirini na mbili akatia sahihi. Mwanasaumu tulikuwa tumemzika Ijumaa iliyotangulia.

Tangu hapo sikai. Nikiketi barazani miguu yanivuta kwenda nyumba ya pili. Natoka Changamwe mpaka Miritini kwa miguu, malori yakinipulizia moshi, na kila anayenisikiliza namweleza jinsi wale wakubwa walivyoniulia mke. Wallahi, ni wao. Meneja, karani, na aliyewaajiri.

Ila jioni ya siku ile ya karatasi, kabla sijavua viatu, Mwanasaumu aliniita.

"Umewafikia wakubwa wenyewe?"

"Nimewafikia."

"Wamesemaje?"

Nikainama nikihangaika na kamba za viatu.

"Wamesema tungoje."