Pedi za Mashindano

Venance alirudi kutoka Dar na pedi za breki za magari ya mashindano, boksi limechorwa moto. Akaniletea gereji kwangu Mlabani nizifunge kwenye Datsun yake, kuukuu kunizidi mimi. Nikamwambia, "Hizi hazishiki mpaka zichemke kwa mwendo kasi. Tope la huku linakuruhusu gia ya ngapi?"

"Wewe fundi, funga. Acha wivu."

Nikafunga. Kesho yake, akiteremka taratibu kwenda kivukoni, alikanyaga breki na gari likaendelea na safari yake, likavamia mkokoteni wa ng'ombe wa binti mmoja, Kabula, uliokuwa umesimama foleni. Venance akashuka akifoka.

"Shikamoo, baba," Kabula alisema. "Ng'ombe wangu nikiwaita majina wanasimama. Hilo lako bado hujalipatia jina?"